Munganga Aliyekaa Nje

Siku ile ndani ya salo, chumba changu cha wageni, tulikuwa hawa. Mudogo wa marehemu bwana yangu, ambaye watoto wote wanamuita tonton, na tangu bwana yangu alipolala ndiye mwenye neno la mwisho kwa mambo ya nyumba yetu. Mutoto wangu wa kwanza, mwanaume, anafanya kazi kwa uwanja wa ndege wa Bangboka, kwenye mizigo. Binti yangu wa tatu, aliyeolewa na munganga wa hopitali. Mama wa huyo munganga, aliyekuja asubuhi kutoka ng'ambo ya muto. Kwangu mimi ni bokilo, na tunaitana mwenzangu. Halafu mimi, mwenye tumbo linalouma. Tulikuwa watano. Wa sita hakuwa ndani. Ni munganga mwenyewe, mukwe wangu. Alikuwa nje kwenye kiti ya plastiki, chini ya bati la jiko, na helmeti ya moto, pikipiki yake, juu ya magoti.

Majina yao yote ninayo, na majina ya watoto waliokuwa wakicheza kwa lupango, ndani ya uzio wetu, siku ile, na la mama aliyepita akiuza kwanga, mukate wa muhogo. Shule niliacha mapema, lakini jina likiingia kwa kichwa changu halitoki. Lakini jina la mukwe halitamkwi na mama wa bibi yake. Na nikiandika ya wengine nikaacha lake, watu watasema nimemutupa. Bon, basi, nitaacha yote.

Mwenye hajui desturi hii nimueleze. Mukwe wangu ni mutu wa muto, wa wale wa ng'ambo. Kwao, mwanaume hakai chumba kimoja na mama wa bibi yake. Hawapeani mukono. Yeye hali chakula mahali ninapomuona, na mimi sifungui kinywa kula mahali anaponiona. Tukikutana barabarani anashuka kwenye moto, anageuza uso pembeni, ananisalimia kwa mbali na mimi ninaitika nikitazama chini. Sisi ni Waislamu wa zamani wa muji huu, wazee wetu walikuja na biashara, na kwetu dini inasema mukwe ni kama mutoto uliyezaa. Lakini ukitoa binti unafuata haya za kule alikoenda. Tangu ndoa yao, na sasa watoto wao wanaenda shule, hatujawahi kusemezana uso kwa uso. Na sitadanganya, niliipenda heshima ile. Majirani wakiona moto imesimama na munganga muzima ameinama mbele yangu, nilitembea vizuri siku nzima.

Tumbo lilianza mbele ya mwezi wa kufunga. Hapa, chini ya chembe ya moyo. Likiwa tupu linachoma kama mutu amesahau kaa la moto ndani. Nikila, linajaa upesi. Lituma, ndizi ya kupondwa, ninaipenda tangu utoto, hasa yenye samaki ya kukaushwa, lakini nikimega kidogo tu ninasikia kama nimekula sahani ya wanaume wawili. Mwezi ukaisha, sikukuu ikapita, tumbo likabaki.

Mutoto wangu wa kwanza akasema tumbo ni kazi ya munganga wa kupasua, na kwa bahati yeye anamufahamu mumoja. Tukaenda. Yule akanibonyeza kulia, akanibonyeza kushoto, akaniambia nikohoe.

"Mama, hapa hakuna kazi ya kisu," akasema.

Binti yangu akasema mwanamuke akiumwa tumbo, ni kizazi. Nikamuambia kizazi changu kimestaafu. Akanipeleka kwa munganga wa wamama pale Makiso, tukangoja na wasichana wenye mimba waliokuwa wakiniangalia na kuchekea ndani ya vikwembe vyao vya kujitanda. Mumoja akaniuliza kama mujukuu wangu, "Koko, nawe umekuja na mimba?" Nikamuambia ndiyo, ya babu yako. Huyo munganga akaangalia kwa mashine, akasema kizazi kimelala, hakidai kitu kwa mutu.

Na wote wawili, kila mutu siku yake, walimaliza kwa neno moja. Nilihitaji munganga wa médecine interne, yule anayejua tumbo kwa ndani, mwenye mupira mwembamba kama kamba, wenye kamera. Wote wawili wakaandika jina lake. Na jina lilikuwa lile nisiloweza kulitamka.

Tulipotoka, binti yangu alikaa kwa ukuta wa hopitali akacheka mpaka machozi.

"Mama, muji muzima huu! Na ni yeye!"

"Hakuna mwingine?"

"Wanganga wengine wapo. Lakini ule mupira ni yeye anaushughulikia. Utaenda kwa mwingine, na mwingine atakutuma kwake."

Sasa mutu atauliza, yule munganga alikuwa anajua nini siku hizi zote? Alikuwa anajua tu kwamba tumbo bado. Kila jioni alimuuliza bibi yake, "Mama anaendeleaje?" na bibi yake akajibu, "Tumbo bado." Kupita hapo hawakuweza kwenda. Binti hawezi kumuwekea bwana yake mambo ya choo ya mama yake juu ya meza. Na mimi siwezi kumupa binti maneno ambayo najua yatafika kule. Hivyo mutu aliyesoma miaka mingi juu ya tumbo alikuwa akilala nyumba moja na mutoto wangu, na tumbo langu halikumufikia.

Ndiyo sababu tonton aliita kikao. Akasoma dua yake, bokilo wangu akafanya musalaba wake, tukaanza.

"Bon," tonton akasema. "Munganga wa kupasua amekataa. Wa wamama amekataa. Njia inabaki mbili: Kinshasa, ao huyu iko nje."

"Kinshasa," mutoto wangu akasema. "Mimi niko Bangboka kila siku. Nafasi kwa ndege nitatafuta."

"Utamupandisha na abiria ao na magunia?" binti yangu akamuuliza.

"Wewe cheka tu. Bwana yako iko anakaa nje kama mulinzi, na mama anaisha."

"Na kule Kinshasa atalala kwa nani? Nani atamupikia? Na mutu akimuambia jambo kwa Lingala ya kule ya haraka haraka, atajibu nini?"

"Lingala anasema kuliko wewe."

Walizungumza hivyo juu ya kichwa changu. Mimi nilikuwa kwa kiti cha katikati, magoti yao yakinizunguka pande zote. Hakuna aliyesema "mama, unasemaje?" Kwa kikao cha ugonjwa, mugonjwa ndiye kitu kinachogawanywa. Nilikuwa nimeshawahi kukaa upande wa wagawaji, nikagawanya mama yangu mwenyewe vilevile.

Bokilo wangu alingoja wanyamaze. Ni mwanamuke mufupi, sauti yake inatoka polepole.

"Mimi sikatai musaada," akasema. "Lakini mwanangu hatagusa ile tumbo. Ile tumbo ndiyo ilibeba bibi yake. Mwanaume hawezi kuweka mukono mahali bibi yake alitokea. Wajukuu wetu watakonda, na nani atajibu? Mutaniita mimi."

"Kwa dini yetu mukwe ni mutoto," tonton akasema. "Anaweza hata kumubeba kwa mugongo."

"Kwa dini yenu, sawa. Lakini ule mutoto alitoka kwangu, tonton. Hakutoka kwa dini yenu."

Tonton akavua kofia, akaikunja, akaivaa tena.

Binti yangu akaona mwanga. "Lakini mama," akamuambia mama mukwe wake, "si kugusa tumbo. Tumbo hata haitafunuliwa. Ni mupira mudogo, iko na kamera kwa ncha. Unapita kwa kinywa."

Bokilo wangu akainama mbele.

"Unapita wapi?"

"Kwa kinywa."

Bokilo wangu akapiga makofi mara moja, akashika kichwa. "Yesu wangu! Kinywa ambayo hajaiona ikila hata ndizi moja! Leo aione wazi mpaka kwa koo! Afazali tumbo!"

Hata mutoto wangu mukubwa alicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimekamatwa na jambo lingine. Nilitaka kwenda nje.

Choo chetu kiko nyuma ya jiko. Njia ya kwenda ni moja, na inapita mbele ya bati ambapo mukwe wangu alikaa. Mulango wa nyuma tuliufunga zamani kwa sababu ya wezi, na friza inasimama mbele yake. Mama mukwe hapiti mbele ya mukwe akielekea choo. Hiyo haikuandikwa mahali, lakini hata mutoto mudogo wa kwao anaijua. Nilisimama, nikakaa. Nikasimama tena. Jasho likaanza kunitoka kwa paji la uso.

"Mama, unaenda wapi?" binti yangu akauliza.

"Mahali."

Wote wakaelewa. Lakini kumuambia asogee ni kumuambia kwa nini asogee. Wakaangaliana.

"Mimi nitamutoa," mutoto wangu akasema. Akatoka. Tukamusikia: "Beau-frère, shemeji, kuja uniangalilie moto yangu kidogo pale barabarani, inakataa kuwaka."

"Mimi ni munganga wa tumbo, si wa moto."

"Kuja tu."

Nikafika mulangoni. Nikasikia teke moja, na moto ikawaka, sauti safi kama mpya. "Iko nzima hii," mukwe wangu akasema, na nikaona kivuli chake kinarudi kwa kiti. Nikarudi kwangu. Mutoto wangu akaingia bila kuniangalia.

"Ulisahau kufunga mafuta ya moto kwanza," tonton akamuambia.

"Nilisahau, tonton."

Sijui kama watu wanaelewa namna ilivyokuwa. Nilikuwa ndani ya nyumba yangu, nyumba niliyojenga na bwana yangu, nikiwa nimefungwa ndani kwa heshima. Aliyenifungia ndiye mutu mumoja wa kunisaidia, naye alikuwa akijipepea na helmeti, hajui kitu. Tumbo lilikuwa linanikata. Nilifikiri, nikianguka hapa, hata kuniinua hataruhusiwa.

Bokilo wangu alikuwa ananiangalia. Alivuta kiti chake mpaka magoti yetu yakagusana, akafungua kikwembe chake cha juu akatufunika vichwa sisi wawili, kama wamama wanavyofanya wakisengenya kwa kilio.

"Mwenzangu," akasema chini chini. "Leo umeenda mara nyingi?"

"Nyingi."

"Iko namna gani?"

Tonton alikuwa hapo. Mutoto wangu wa kiume alikuwa hapo.

"Mwenzangu, mimi nawe tumezaa wote. Sema."

"Nyeusi," nikamuambia. "Nyeusi kama masizi ya sufuria. Inanata."

"Tangu lini?"

"Mbele ya mwezi wa kufunga."

"Na kichwa?"

"Nikisujudu na kuinuka, nyumba inazunguka."

Akatoa kikwembe juu yetu, akajifunga kiunoni kwa nguvu. Baadaye aliniambia kwamba mwanae anapomutembelea kule ng'ambo, wagonjwa wanamupigia telefone, na anawauliza wote jambo hilo hilo, choo iko na rangi gani, na wakisema nyeusi anainuka hata kama anakula. Kwa kumusikia tu, yule mama alijua. Mama anaweza kumuambia mwanae mambo yote. Hakuna desturi ya kwao wala ya kwetu inayomukataza.

Akatoka. Salo yote tukageuza masikio kwa dirisha. Bokilo wangu alisema polepole, hatukusikia. Yeye munganga tulimusikia.

"Mama! Tangu lini?"

Akajibiwa.

"Na nani alijua?"

"Mimi najua sasa. Na wewe unajua sasa."

Helmeti ikaanguka kwa simenti. Akaita jina la bibi yake kwa sauti, na ninajua alikuwa ametazama ukuta wa jirani, kwa sababu sauti ilitoka upande ule. "Muambie mama asile kitu! Hata chai! Leo tunaenda. Kesho hapana, leo!"

Halafu nikasikia hatua zake zinaenda barabarani, na mulango wa bati wa lupango ukafungwa. Hakuna aliyemuomba. Nafikiri mama yake alimuambia na hilo pia. Nilipita mbele ya kiti tupu, nikishikiliwa na binti yangu. Nilipomaliza nililia kule kule ndani, kidogo tu.

Bokilo wangu aliporudi salo alikaa sawa, akaweka mikono juu ya mapaja.

"Ataangalia," akasema. "Lakini mukono utakuwa wa mwingine. Na kinywa hataona. Hiyo ndiyo neno yangu, na sitalibadilisha."

Tonton akasema, "Amina," upesi, kabla hajaongeza lingine. Mutoto wangu akafungua kinywa kusema Kinshasa, tonton akamuonyesha kidole akafunga.

Ndiyo namna nilivyolala kule hopitali kwa kitanda kirefu cha ngozi, ubavu wa kushoto, uso kwa ukuta. Kuna dokta mwanamuke, bado kijana, anayefundishwa na mukwe wangu kazi ile. Yeye ndiye alikuwa mukono. Walitundika shuka ya kijani kutoka ukuta mpaka dirisha, wakaifunga kwa vibano vya nguo. Upande huu nilikuwa mimi na yule dada. Upande ule mukwe wangu na televisheni yake. Kutoka kwangu mpaka kwake, ningenyoosha mukono ningemugusa.

Walinipulizia dawa chungu kwa koo. Halafu wakaniwekea kipete cha plastiki kati ya meno ili nisifunge, na mupira ukaingia. Sitaeleza sana. Mutu hawezi kumeza, hawezi kutema, hawezi kusema hapana. Mate yanashuka kwa shavu, machozi nayo yanafuata. Nilifikiri juu ya miaka yote niliyofunika kinywa na kikwembe huyu akipita, na leo kimefunguliwa kwa nguvu na plastiki, na yeye iko hapa. Nikamuomba Mungu asinichukue wakati ule, tafazali, wakati mwingine wowote lakini si ule.

Kutoka nyuma ya shuka nilisikia sauti yake. "Doucement, polepole. Kulia kidogo. Rudisha. Hapo. Simama hapo."

Mupira ukasimama. Mashine ya stima nje ilikuwa ikinguruma, nikasikia mpaka kikohozi cha tonton kule korido. Halafu wakasema Kifaransa wao wawili, upesi, na mimi nilishika neno moja tu, ulcère, kidonda cha tumbo. Hilo ninalijua, lilimuua jirani yetu wa zamani.

Halafu akasema, na hakuwa anamuambia yule dada.

"Mama."

Niliganda. Tangu ndoa, neno hilo nililisikia kwa mbali tu, ao likiletwa na mutu mwingine. Sasa lilikuwa hapa nyuma ya kisogo changu.

"Mama, ninaonaga unatembea vibaya. Magoti. Unanunua kinini, vidonge vya magoti, kwa famasi?"

Kwa kweli nilikuwa nazinunua. Kila asubuhi mbele ya kula, ili magoti yakubali kuinama kwa swala. Munganga wa kupasua hakuniuliza magoti. Wa wamama hakuniuliza magoti. Kwa kikao hakuna aliyeuliza. Wote walikuwa na tumbo. Yeye, aliyegeuza uso pembeni miaka yote, alikuwa ameona magoti. Na mimi ningemujibuje, na mupira ule kwa koo?

"Mama, kama ni ndiyo unifinye," yule dada akasema.

Nikamufinya.

"Anasema ndiyo, docteur."

"Ni kila siku?"

Nikamufinya tena, akasema "aï!"

"Sana, docteur."

Nikamusikia anatoa pumzi ndefu. "Bon. Ni hizo," akasema. "Ni hizo zinamuchoma. Mama, pumua polepole, tunatoka."

Kidonda kilikuwa kimoja, kikitoa damu polepole. Nilibaki hopitali, mutoto wangu wa kwanza akanipa damu yake, na siku zote anapotaka kitu sasa ananikumbusha. Wakanipa dawa za kidonda, wakanikataza zile za magoti. Tumbo limenyamaza. Choo kimerudi rangi yake. Magoti ndiyo yamekasirika. Ninaswali nikikaa kwa kiti, na kwa kushuka ngazi za barza ninangoja mutu apite.

Familia mbili zikakaa tena ili kuosha haya ile. Wao walileta kikwembe, sisi tukatoa kuku, na tonton akasema maneno marefu. Mukwe wangu alikula sehemu yake nje. Anapokuja sasa, anakaa palepale kwa bati la jiko, na akitaka kujua habari za tumbo langu hamuulizi tena bibi yake. Anamutuma mama yake avuke muto, na mama yake ananifunika na kikwembe ananiuliza rangi. Wamesema pia lazima nirudi kumeza ule mupira, kuangalia kama kidonda kimefunga. Siku imepangwa. Shuka ya kijani itatundikwa tena, na sijui kama ataniita mama mara ya pili, na sijui kama ninataka aniite ao anyamaze. Ninaamka ninawaza hilo kuliko mupira wenyewe.

Nimeandika ninavyokumbuka. Lakini kwa ile sehemu ya hopitali nilikuwa natazama ukuta, na masikio ya mutu mwenye mupira kwa koo si ya kuaminiwa sana. Labda alianza na kinini, akaja kwa magoti. Labda alisema "mama" mara moja tu na mimi nimeongeza. Mwenye alikuwa pale na alisikia namna nyingine, anirudishe njiani, sitakasirika. Yule dada wa mukono, wewe ulisikia vizuri kuliko mimi. Na mukwe wangu, kama neno lako nimelipindisha, mimi siwezi kukuuliza. Umuambie mama yako, atavuka nalo.